Kibaba cha Baruti

Mizani hii inacheza hata nikipumua,
basi nabana pumzi, Tauno, kama ulivyonifunza,
na kwa kijiko cha pembe nadondosha punje,
moja, nyingine, hadi sindano itulie.
Nje, Kainuu yote imelowa theluji ya majimaji.
Hirvi wanashuka mabondeni kwa miguu yao mirefu,
na Jumamosi kundi la wawindaji litaniweka
pale pale ulipokuwa ukisimama wewe.

Nimelaza risasi mbili juu ya gazeti.
Hii yako: ndefu, ina mshipi kiunoni kama bondia,
jina lake la kutisha limechongwa kitakoni.
Hii yangu, ya bunduki ya marehemu baba yako:
ukingo mpana, sura ya kizamani,
kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Yako inakula gramu nne na nukta nane,
inatema jouli elfu nne na mia saba.
Yangu, gramu tatu na nukta moja,
elfu tatu na mia sita.
Nimegawanya kwa penseli, nikarudia,
maana mwalimu wa hesabu hastaafu kabisa.
Kwako kila gramu inazaa mia tisa na themanini hivi.
Kwangu, elfu moja mia moja na sitini.

Wala sikukomea hapo.
Ile gramu moja na nukta saba uliyoongeza
ilikununulia jouli elfu na mia moja, basi.
Ni kumlipa mchukuzi wa pili ujira kamili
naye abebe nusu ya mzigo na ushei.
Nyingine ilikwenda wapi?
Ilitoka mdomoni mwa mtutu ingali inawaka,
ua la moto lisilompasha mtu mikono;
ilikwenda kulamba koo la chuma hadi likachubuka;
ilikwenda begani mwako,
lile baka la zambarau nililokukanda saunani
huku ukisema si kitu, Aune, si kitu.
Debe tupu ndilo livumalo, wanasema.
Lako lilijaa pomoni, na likavuma.

Nikafungua daftari lako nitafute kosa langu.
Safu ya kwanza baruti. Ya pili mwendo. Ya tatu jouli.
Ya nne, kwa mwandiko wako wa kuku,
mia tisa na themanini,
na chini yake, elfu moja mia moja na sitini.
Tarehe ni ya miaka kumi na miwili iliyopita!
Majira yote yale niliyokucheka mezani,
mbele ya Reijo, mbele ya mkwe wetu,
ulikuwa unajua, unapaka siagi mkate wako, kimya.
Na pembeni, wino umepauka:
"Najua. Lakini mlio wake!"

Nimecheka peke yangu hadi mbwa akainuka.

Ishirini za kwangu ziko tayari sandukuni,
kibaba kwa kibaba, hakuna punje iliyomwagika.
Yako imebaki hii moja.
Ningeweza kuing'oa kichwa, niimwage baruti yake,
ingelisha moja yangu na nusu ya pili.
Mkono umekataa.

Kesho, kabla Reijo hajawasha taa ya zizi,
nitashuka kwenye shimo la kokoto,
nitaikita kwenye bega langu hili jembamba
na kuupiga ukuta wa mchanga usio na kosa.
Nitasubiri mlio uvuke ziwa,
ugonge misonobari ya ng'ambo, ugeuke.
Halafu daftari: gramu nne na nukta nane.
Mwendo, sijui. Jouli, zile zile.
Safu ya nne nitaiona hapo hapo.
Kisha nirudi nyumbani kunywa kahawa,
sikio moja likilia wiii
mpaka adhuhuri.