Taa ya Tatu

Maabara yetu ya Al-Khoudh ina taa sita.
Ya tatu kutoka mlangoni inanung'unika.
Miaka miwili nasema. Wenzangu wanatega sikio,
kisha wananiambia: Shinuna, hicho ni kiyoyozi.
Si kiyoyozi. Kiyoyozi nakijua,
kina sauti ya mtu anayemenya chungwa.
Taa ina sauti ya sindano.

Jumapili, saa mbili, mkutano.
Kahawa, halwa, habari za watoto,
tena habari za watoto.
Mimi nahesabu vigae: kumi na saba kwa tisa.
Dokta Mahfudha alinivuta pembeni, kwa upole:
"Ukizungumza na mtu, mtazame machoni."
Nikamtazama machoni.
Sikusikia tena alichosema.

Samail, shambani, mambo ni mengine.
Mtende hauniulizi mbona sicheki.
Dubasi, kadudu kadogo kuliko punje ya mchele,
kanafyonza kuti hadi utamu unadondoka
na kunata kwenye tende, kwenye viatu, kwenye daftari.
Hakaimbi hewani. Kanautetemesha ukuti,
na mwenzake, mbali, anausikia kwa miguu.
Nimesikiliza saa mia nne na kumi na mbili.
Mashine iliandika: kelele.
Nikaifuta, nikaandika: hapana,
dakika ya sita kuna jike,
kajibu, ila kachelewa.

Mama zamani alinipeleka nikasomewa.
Siku hizi, kwenye simu, kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo,
anawaambia majirani: "Huyu akishika jambo, kupe."
Kila Ijumaa ananiuliza dubasi hawajambo.
Hawajambo, Mama.

Wahakiki wa makala waliuliza: mlimtambuaje yule jike?
Nikajibu kurasa tatu.
Dokta Mahfudha akakata, akakata,
akabakisha maneno mawili: kwa kusikiliza.
Akanisogezea karatasi bila kuinua macho,
nami nikajua ameniheshimu.

Jumatatu nikamkuta fundi Sajeevan juu ya ngazi,
bisibisi mdomoni.
Hakuuliza lolote. Akaichomoa ya tatu,
akaizungushia gazeti lake la Kimalayalamu
kama samaki wa kupeleka nyumbani,
akashuka, akaenda zake.

Wenzangu wanalalamika: upande wa Shinuna
mbona kuna kiza?
Ninatega sikio, nusu dakika nzima.
Nawaambia: hicho ni kiyoyozi.