Ardhi Haimo

Bomba limekauka tangu alfajiri,
na duka letu la mabomba, Mtaa wa Rufiji,
halina hata kikombe cha kunawia.
Bi Vasanti anacheka peke yake, anageuza ankara,
anavuta kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta.

"Mazigo, maji ni mangapi?"
Hayahesabiki, nasema.
"Ila mnasema haya, mnasema yale.
Moja lake liko wapi?"
Natafuta. Jii? Jiji?
Jiji ni hili lenye kiu.

"Basi na Kisanskriti ni hivyo hivyo.
Ap ni mzizi tu, hupati mtu wa kuutamka mtupu.
Huanzia kwenye wingi:
āpas, maji haya. Apsu, ndani ya maji haya.
Sasa tanguliza dvi, yaani mbili."
Dvi inaigonga ap, a inazama,
i inarefuka: dvīpa.
Anaivuta hiyo i
kama anayempimia mteja mpira wa kumwagilia.
"Kisiwa."

Naitazama ankara.
Mbili ipo. Maji yapo.
Na nchi kavu?
"Haimo. Neno limetaja vilivyoizunguka, likanyamaza.
Nanyi mnalo: kifaurongo.
Kufa kumo, urongo umo, mmea wenyewe uko nje."

Lakini mbona mbili?
Mimi ni mtoto wa Ukerewe;
kisiwa kina maji pande zote,
hilo ni swali la darasa la tatu.
Anainua mabega:
"Wanasarufi hawakupanda kivuko."

Mimi nilipanda.
Mwaka ule mawimbi yalizuia chombo siku mbili,
nikafika Nansio mchanga umeshapigwa jembe la mwisho,
shangazi akanipa ugali wa muhogo uliopoa,
hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma.
Maji ya kwenda nilikuwa nayahimiza.
Maji ya kurudi sikuyatazama,
nilihesabu misumari kwenye benchi.
Mbili, basi. Sikumwambia Bi Vasanti.
Katikati pana futi sita za udongo
ambazo hata mimi, nikisimulia safari ile,
huziruka.

Anaingia fundi, ana haraka,
anataka viwiko vitatu vya nusu inchi.
Karatasi nyingine hakuna; naandika bei juu ya dvi.
Huko uani bomba linakohoa:
kwanza hewa,
halafu kutu,
halafu haya.