Hamsini na Nane

Huku Jumla theluji imeziba mlango,
na kijinga cha msonobari ndicho taa, ndicho jiko.
Moshi umekaa nasi kama mkwe:
nani athubutu kumfukuza?

Bishnumaya, miezi tisa, yu mgongoni pa mama,
dengu zikitokota.
Mhudumu wa afya aliingia ameinama,
saa mkononi, macho kwenye kifua kinachobonyea:
hamsini na sita, hamsini na saba,
hamsini na nane.
"Kwa dakika moja," akasema, akaandika.

Bibi alikwangua masizi ya boriti kwa kucha.
"Haya yananizidi umri."

Mama hakujibu.
Alitwaa mtaimbo
akatoboa paa juu ya meko.

Theluji ikadondokea chunguni, shii.
Nyota moja ikachungulia,
nasi tukaitazama, tukikohoa.