Kifungu cha Saba

Saa nne nzima, chumba chetu cha juu, Chake Chake,
feni moja inakoroma, chai imeshafanya utando,
tunagombania neno.
Dokta Haroub anataka "idhini".
Nikamwambia idhini hutoka juu kwenda chini,
ni ya mkubwa, ina muhuri.
"Ruhusa," akasema Sabiha. Ruhusa huiomba mtoto
anayetaka kutoka darasani kwenda chooni.
Tukaishia kwenye "ridhaa", maana ndani yake mna radhi,
na radhi, kwetu, huombwa mpaka kitandani pa mgonjwa.
Nikaliandika. Ukurasa wa kumi na moja, kifungu cha saba:
"Unaweza kuondoa ridhaa yako na kujitoa wakati wowote,
bila ya kupoteza haki yako yoyote."
Tukapiga muhuri. Tukajiona tumemaliza.

Mtambwe, wiki iliyofuata, msimu wa karafuu.
Sheha katupokea kwa bashasha: "Watu wangu wote wameshakubali."
Wameshakubali nini, sheha, na fomu bado imo mkobani?
Akacheka. Nikacheka. Haikuwa ya kuchekesha.
Foleni ilikuwa ndefu, na nusu yake
ilikuwa ikiitazama katoni ya sabuni.
Sabuni ile tuliipitisha wenyewe, kipande kimoja kila mtu,
"kifuta jasho kisichoshawishi."
Ndivyo tulivyoandika. Tulikuwa hatujaiona foleni.

Bi Mkasi binti Faki hakupanga foleni.
Alikuwa barazani kwake anachambua,
karafuu huku, makonyo kule,
na mjukuu wake pembeni, yule aliyekojoa damu
mwaka jana, akatibiwa, akapoa.
Nikamsomea. Alisikiliza bila ya mikono kusimama.
Damu kiasi gani?
Kijiko cha chai, bibi.
Itakwenda wapi?
Maabara, hapa hapa. Kisha itagandishwa, isafirishwe.
Wapi?
Nikautaja mji. Akautamka kama anayeonja dawa.
Itakaa miaka mingapi?
Fomu inasema: kwa matumizi ya baadaye.
Baadaye ya nani?

Nikakimbilia kifungu cha saba, nilichokipenda mwenyewe.
Unaweza kujitoa wakati wowote.
Hapo mikono ikasita juu ya jamvi.
"Mwanangu, nikishajitoa mimi,
na hiyo damu nayo itajitoa?
Itashuka bandari ipi? Nani ataipokea?"

Nina shahada mbili. Nimekaa vikao thelathini na kitu.
Nimewarejeshea maprofesa maombi yao
kwa sababu ya mkato uliokaa pasipo pake.
Nikayatazama makonyo.
"Haitarudi," nikasema. "Ikishatumika, haitarudi."
"Basi andikeni hivyo."

Kisha akasema hapana.
Hakukasirika. Aliisema kama mtu
anavyosema tosha kwa anayemtilia mchuzi.
Mtoto mtazameni, mimi sitoi.
Nikatia alama kwenye kisanduku, nikafunga faili.
Akanizuia: "Na dole langu?"
"Dole ni la wanaokubali, bibi."
"Ah! Ndiyo yao ina dole, hapana yangu haina?
Kesho atakuja mwengine aseme Mkasi hakuulizwa."

Hapakuwa na mahali. Kurasa kumi na nne,
lugha mbili, sahihi sita, na hapakuwa na mahali.
Nikachora mraba kwa kalamu, upande mmoja ukapinda.
Akafuta dole gumba kwenye kanga, halikufutika,
rangi ya karafuu imeshaingia mpaka mistarini,
akalibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi,
akalishikilia hapo kupita inavyohitajika.

Ijumaa nimeirudisha fomu kikaoni.
Inanukia. Haroub ameinusa, hakusema kitu,
akafungua ukurasa wa kumi na moja,
akaomba kalamu.