Hamsa Ishirini

Babu Ndewirwa alipeleka mkaa kambini Tengeru,
magunia mawili kila Jumatatu, punda wa kukodi.
Wapolandi walinunua, nyumba hadi nyumba,
vijumba vya duara vimejipanga kama mizinga ya nyuki.

Ila nyumba ya kumi na saba.
Kazimiera alipikia kuni mbichi, akikohoa, macho mekundu,
kuliko kushika kitu cheusi kinachochafua kiganja.

Siku moja akamwonyesha barua.
Ya kaka yake, Tadek. Imezunguka dunia miezi minane.
Akaisoma kwa Kiswahili cha jikoni,
na cha babu nacho kilikuwa cha sokoni,
vikashikana mikono kama vipofu wawili darajani.

Makaa ya mawe, alisema. Chini. Chini sana.
Akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo
kumwonyesha kimo cha mwamba: hapa, kifuani.
Masaa kumi na mawili. Viatu vya mbao. Supu ya maji.
Kambi iliwakodisha kwa kampuni ya mgodi, kwa siku.
Aliyechoka alirudishwa, akaletwa mwingine,
na malipo hayakuchelewa.
Jina lilibaki juu. Namba ndiyo iliyoshuka.

Babu alimtazama punda wake.
Alisikiliza kama unavyosikiliza mvua
inayonyesha shamba la mwenzio,
mpaka wakafika kwenye kiboko.
Ngapi? akauliza.
Tarakimu zilimshinda Kazimiera. Akafungua vidole:
mikono miwili, tena miwili, kisha mmoja.

Hamsa ishirini, babu akasema.

Neno hilo alilisoma mgongoni kwa baba yake,
aliyebeba mawe na chokaa ya boma la Mdachi, Arusha,
akalazwa kifudifudi
chini ya ukuta ambao haujakauka.

Sisemi ni kitu kimoja.
Babu naye hakusema. Alifunga magunia, akaenda.
Jumatatu iliyofuata akaleta matawi ya mibuni,
makavu, yaliyopogolewa msimu uliopita,
akadai bei ileile ya mkaa.
Kazimiera akalipa.

Tadek hakufika Tengeru. Sijui alifika wapi.
Najua tu kwamba babu, asiyejua kusoma,
aliomba aonyeshwe mwisho wa ile barua,
mahali ambapo mtu aliandika jina lake mara tatu,
moja chini ya jingine,
kama mtoto anayejaribu kalamu.