Mto Ulioishia Ubaoni

Orodha hutoka mwishoni mwa Agosti,
jioni sana, wenye kazi zao wakiwa wamelala.
Naisoma jikoni, taa nimezima,
mama asinione uso.
Namba yangu: elfu nne mia mbili na kumi na sita.
Mwaka jana ilikuwa elfu nne mia mbili na tatu.
Miaka kumi na saba ya chaki,
na foleni inanirudisha nyuma.

Mimi ni mwalimu wa jiografia.
Jiografia yenyewe nimefundishwa na Wizara.
Douro naujua kwa chumba cha darini kule Régua,
ukungu ukiingia hadi ndani ya soksi.
Tejo, kwa kitanda cha chuma nilichorithi kwa mwalimu wa hesabu
aliyekirithi kwa mwalimu wa muziki.
Guadiana, miezi minne:
kodi ilikula mshahara, mimi nikala dengu.
Fundi Adelino alichungulia kwenye dashibodi, akapiga mluzi:
"Dada, kwa kilomita hizi gari limeshafika mwezini."
Nikamwambia mimi huajiriwa kwa mwezi,
labda huko mwezini wanaajiri kwa mwaka.

Tangu Januari niko Penacova,
nashikilia nafasi ya mwalimu Ermelinda Tavares
aliyevunjika nyonga kwenye ngazi za kanisa.
Mkataba wangu una tarehe ya kuanza.
Penye tarehe ya kumaliza pameandikwa: atakapopona.

Kufa kufaana, watu husema.
Kuhusu nyonga hawakusema kitu.

Jumapili nampelekea supu ya kabichi.
Anainuka na fimbo, kutoka kitini hadi dirishani,
nami nahesabu hatua.
Wiki iliyopita, tano.
Leo, kumi na moja.
Nampigia makofi,
na makofi yale yananiwasha viganja mpaka nafika nyumbani,
kama nyumbani ni pale ninapoweka birika.

"Nami nilizunguka," ananiambia akipuliza kijiko.
"Miaka tisa. Nilijifungua Beja,
mtoto akakulia Viseu kwa dada yangu.
Siku nilipopata kazi ya kudumu nilikwenda kumchukua.
Akaniita shangazi."
Kisha akaniuliza kama supu ina vitunguu saumu.

Alhamisi, kipindi cha pili,
nilikuwa nachora Mondego kwa chaki ya buluu:
nimeutoa milimani Estrela, nimeupitisha kwetu hapa,
watoto wameshangilia walipouona mji wao,
ndio kwanza nimeufikisha Coimbra,
karani Zulmira akasimama mlangoni.
Hakuingia. Wabaya hawaingii, wala wenye huruma.
"Mwalimu Ermelinda anarudi Jumatatu."

Nikasema: ashukuriwe Mungu.
Na nilimaanisha. Hapo ndipo panaponiuma.

Kengele ikalia. Baltasar, yule wa dawati la mbele
ambaye hata kalamu hakuwa nayo mwezi wa kwanza,
alibaki ameshika mkoba:
"Mwalimu, mto haujafika baharini."
Nikamwambia mwalimu wako ataufikisha.
"Mwalimu wangu si wewe?"
Nikatafuta kitambaa cha kufutia ubao.
Nikakipata.
Sikufuta.

Chaki ya buluu nimeiacha kwenye droo yake,
juu ya miwani yake ya zamani.
Vitu vyangu havikuhitaji kufungwa;
siku hizi naishi ndani ya maboksi kama kiatu kipya,
ila kiatu kipya hakirudishwi dukani kila Juni.

Nilikuwa nimevuka daraja simu ilipotetemeka.
Shule. Saa kumi na nne kwa wiki. Likizo ya ugonjwa.
Jibu kabla ya kesho adhuhuri.
Nikaliegesha gari kando ya barabara,
malori yakinipita, kioo kikitikisika.
Mahali fulani mtu mwingine ameanguka.
Kabla sijasoma ni wapi,
kabla sijapima ni kilomita ngapi kutoka kwa mama,
nilimwambia mgonjwa nisiyemjua: pole.
Halafu, kwa sauti ndogo zaidi,
apone, nikaomba,
polepole.