Flashi Tatu

Shigela amezipanga mezani flashi tatu:
moja nyekundu, moja ya buluu, ya tatu imefungwa uzi
kwa sababu kifuniko chake kilibaki Nyegezi.
"Shangazi, chagua."

Nichague nini? Kompyuta hii niliinunua
kwa mtu aliyehama Igogo, bawaba moja imelegea.
Ukiiwasha asubuhi unakwenda kununua vitumbua,
unarudi, bado inazungusha kiduara chake,
halafu inadai leseni
kama mgambo aliyesahau kwamba jana nilimlipa.

"Hii Ubuntu. Wengi wanaitumia, ukikwama
hukosi wa kumuuliza."
Jina likanikaa: utu, ule ule wetu,
umetembea mbali ukarudi na lafudhi ngeni.
"Hii Zorin, imevaa sura ya ile uliyoizoea.
Na hii Mint."
"Mint ndiyo nini?"
"Mnanaa."
Nikacheka. Mnanaa naujua kwenye chai.

Wenzake wamejaa mlangoni, kila mmoja anatetea yake
kama timu. Bugumba ya kwake aliijenga mwenyewe,
jiwe kwa jiwe, siku tatu hakulala.
Mwanangu, nikamwambia, mimi nakaa Mabatini,
nyumba yangu imeegemea mwamba
ambao sikuuweka mimi.
Sioni aibu.

"Ya zamani hatuifuti," Shigela akasema,
"unaionja mpya humu humu kwenye flashi."
Hilo nikalielewa. Hata kiatu cha Mlango Mmoja
unatia mguu, unapiga hatua mbili juu ya boksi,
ndipo unauliza bei.
Na bei, akasema, hakuna.
Hapo ndipo niliposhtuka.

Nikaonja. Nyekundu ilikuwa nzuri,
ila mashine yangu ilihema kama inapanda Bugando.
Ya buluu ikanifurahisha macho;
printa ikanyamaza mbele yake kama mbele ya mkwe.
Nikachomeka ile ya uzi,
na mara akaingia mama wa Ukerewe, meli inaondoka saa nane,
anataka barua ya uhamisho wa mtoto, nakala nne.
Nikaandika. Nikabonyeza.
Printa ikakohoa, ikatoa ya kwanza,
ikatoa ya pili, karatasi ya tatu imepinda kidogo, ya nne.
Akaweka elfu moja, akakimbia.

"Basi unaionaje?" Shigela akauliza.
"Ipi?"
Nilishasahau kwamba najaribu.

Mia mbili yake ya chenji
bado iko kwenye droo,
kando ya ule uzi.